Mgongo wa Mtakatifu

Walimleta Jumanne, amefungwa blanketi la farasi,
wanaume wanne wa Udugu wa Rozari,
na mweka hazina, Bwana Hermenejildo, ametangulia
kofia mkononi, viatu vyake ving'avu
vikikwepa maranda sakafuni kwangu.
"Dhahabu kidogo tu kwenye joho, Zulmira.
Uso usiuguse. Maandamano ni Jumapili."

Mtakatifu Efigenia, mweusi kama mkaa wa mti mgumu,
kanisa dogo linawaka moto kiganjani mwake,
miaka mia mbili akipanda na kushuka
vichochoro vya mawe vya Barro Fundo
mabegani mwa watu.
Nimempigia magoti tangu sijajua kusoma.

Walipoondoka nikamgonga kwa kifundo cha kidole
kama mtu achaguaye tikiti sokoni.
Akaitika vibaya.

Huku Minas mnafiki tunamwita
mtakatifu wa mti wenye pango.
Inasemekana enzi za migodi
dhahabu ilisafiri tumboni mwa sanamu,
ikipita mbele ya watoza kodi, nao wakivua kofia.
Nikamgeuza. Nikang'oa kibao cha mgongoni,
misumari minne ya kufuliwa kwa mkono, kutu tupu.
Dhahabu? Unga.
Unga laini, rangi ya kahawa mbichi,
na mchwa, weupe kama waliozaliwa jana,
wakila bega la kushoto kwa ndani
hata rangi peke yake ndiyo iliyoshika umbo.

Rangi, hebu fikiria. Unene wa ukucha.

Na pale mti uliposalia, nikaziona alama za patasi.
Mchongaji, ambaye jina lake hakuna anayelijua,
alimchimba ndani kwa makusudi
ili mti ukikauka usipasuke.
Basi pango si dhambi. Pango ni mahali pa kupumulia.
Wa kuulizwa ni wapangaji.

Hapo nikaketi.
Maana mimi ndiye Zulmira wa benchi la kwanza,
wa shela nyeupe iliyotiwa wanga na kunyooshwa pasi,
ninayeanzisha litania kabla padri hajapangusa miwani,
na miaka kumi na mmoja sijalitamka jina la dada yangu Jandira
ila mbele ya wakili,
kwa ajili ya nyumba ya mama: vyumba viwili,
kisima, mti mmoja wa jabutikaba.
Juu ya hayo yote nimepokea Mwili wa Bwana,
Jumapili baada ya Jumapili,
kwa ulimi uliosuguliwa.
Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.
Heri kingekuwa kipande cha mti.

Jumamosi Hermenejildo akaja na bahasha.
Nikamwambia bado.
"Mbona anapendeza?"
Nikamwonyesha mgongo.
Alitazama kitambo, akafunga kifungo cha koti
ambacho kilikwisha kufungwa.
"Njiani," akasema, "nani huona mgongo?"

Wakaandamana na jukwaa tupu lenye maua.
Mjane wa mwoka mikate aliniita mpinga Kristo
nami nikamjibu habari za asubuhi.
Nilikuwa na sindano ya hospitali,
natia dawa tundu kwa tundu,
mia nne na kitu, kisha nikaacha kuhesabu.
Macho yalichuruzika hadi kidevuni.
Sisemi ilikuwa toba.
Kwa sehemu kubwa yalikuwa mafuta ya taa.

Joho bado limebambuka. Dhahabu itangoje.

Jioni hii nimepanda hadi mtaa wa juu,
bila shela, unga kwenye kucha,
bila neno nililoandaa.
Mlango wa Jandira umepakwa buluu; sikujua.
Nimegonga kwa kifundo kile kile,
sikio nimelitega,
nisikie ni ndani ya nani
kunakoitika.